Mtande na Mshindio: Maneno ya Ufumaji Kati ya Pwani na Kharumwa



Mkulima wa pamba wa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita, ana msamiati mpana kuhusu zao lake. Hupanda, hupunguza miche, hupalilia, hunyunyizia dawa, huchuma. Kisha huketi na jamaa zake kuichambua pamba mbegu, pamba safi huku na pamba fifi kule. Akizungumza Kisukuma, zao hilo huliita buluba. Pamba ikishapita kwenye mizani na kupakiwa kwenye lori, hufika kiwandani, hutenganishwa na mbegu zake, na nyuzi hufungwa marobota. Hapo msamiati wa mkulima hukoma. Kati ya robota linaloondoka na shuka linalouzwa gulioni pana kazi nzima ya binadamu, yaani kusokota, kutanda na kufuma, na kazi hiyo haina tena nafasi katika mazungumzo ya mahali pale. Kusokota kumebaki kwa kamba. Kufuma kumebaki kwa sweta na vitambaa vya meza. Ama maneno mtande na mshindio, hayo ni ya kutafutwa kamusini.

Mhadhara huu unahusu pengo hilo. Hoja yake ni kwamba historia ya nguo katika Afrika Mashariki imegawanyika mara mbili katika lugha: vitenzi vya kazi ya ufumaji ni vya asili ya Kibantu, ilhali majina ya nguo zenyewe kwa sehemu kubwa ni ya biashara, mengine yameletwa na majahazi na mengine na meli. Kitanda cha mfumi kilipoondoka, majina ya bidhaa yaliendelea kubadilika kama bei sokoni. Lakini vitenzi havikufa. Vilihama. Leo vinafanya kazi mahali ambapo mzungumzaji hadhani kabisa kwamba anazungumza lugha ya wafumaji.

Kharumwa imechaguliwa kwa makusudi. Kwa kawaida mazungumzo kuhusu nguo na Kiswahili huanzia Mombasa, Lamu au Unguja na kuishia hukohuko. Eneo hili la bara, lililo mpakani mwa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, na jina lenyewe la wilaya linabeba alama ya lugha yao: herufi ng'h katika Nyang'hwale zinawakilisha nazali isiyo na ghuna, sauti ambayo Kiswahili hakina na ambayo watangazaji wengi wa redio huipita kana kwamba haipo. Watu wa hapa huita pamba dhahabu nyeupe, na hali dhahabu yenyewe iko chini ya miguu yao. Mali zote mbili hutoka ghafi.

Fuma, tanda, sokota

Inafaa kuanza na kitenzi fuma. Wanafunzi wengi hudhani kwamba, kwa kuwa ufumaji wa pamba uliimarika katika miji ya pwani, neno hili nalo lazima liwe la kigeni, pengine la Kiarabu au la Kiajemi. Sivyo. Mzizi wake ni wa Kibantu cha kale, na maana yake ya awali ni kushona au kusuka. Kikikuyu kina kitenzi tuma chenye maana ya kushona, na ndicho kinachotumiwa kwa akina mama wanaosuka vyondo. (Kisichanganywe na kitenzi kingine cha Kikikuyu chenye maana ya kumtuma mtu, irabu ya hicho ni tofauti, na katika tahajia ya Kikikuyu huandikwa kwa alama juu yake.) Tofauti kati ya t ya Kikikuyu na f ya Kiswahili si ya bahati nasibu. Ndiyo hiyohiyo inayoonekana katika kazi ya mhunzi: Kiswahili husema kufua chuma, na Kikikuyu humwita mhunzi muturi. Palipokuwa na t ya kale mbele ya u ya juu kabisa, Kiswahili kina f.

Hii ina maana kwamba waliojifunza kufuma nguo katika pwani hii hawakuazima jina la kazi hiyo. Walilichukua neno walilokuwa nalo kwa ajili ya mkeka, kikapu au ngozi iliyoshonwa, wakalipanua likaenea hadi kwenye uzi wa pamba. Kisha wakatofautisha. Kusuka kukabaki kwa ukili, nywele na vikapu. Kufuma kukawa kwa uzi. Mgawanyo huo ni wa Kiswahili chenyewe, na ni mgawanyo wa watu wanaoijua kazi.

Kitenzi tanda nacho kina mengi ya kusema. Mfumi huanza kazi kwa kuzinyosha nyuzi ndefu kati ya miti miwili, zikakazwa sambamba. Katika kitanda cha kulala chini, cha aina iliyotumika sehemu nyingi za bara, miti hiyo hufungwa kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini. Nyuzi hizo ni mtande. Kisha uzi mwingine hupitishwa kwa upana, juu ya uzi mmoja na chini ya wa pili, kwenda na kurudi; huo ni mshindio. Kijiti kilichofungwa vitanzi huinua kwa pamoja kila uzi wa pili wa mtande ili mshindio upate njia, na ubao mwembamba mfano wa upanga hutumiwa kuusukuma ukae mahali pake. Hakuna zaidi ya hapo. Ugumu wote wa kazi umo katika subira na katika kuhesabu.

Tazama sasa maumbo ya maneno hayo mawili. Mtande una kiishio -e, ambacho katika Kiswahili huwa na nomino za kitu au mtu aliyetendewa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Mtande basi ni kilichotandwa. Mshindio una kiishio -o, ambacho huenda zaidi na tendo au namna ya kutenda, kama mwendo, mchezo na msokoto. Lugha imeuona uzi mmoja umelala ukisubiri, na mwingine ukipita. Ni vigumu kuamini kwamba maneno hayo yalitungwa na mtu aliyeitazama kazi hiyo kwa mbali.

Chombo chenyewe huitwa kitanda, kwa kuwa ndipo panapotandwa. Kitanda cha kulalia nacho, kabla ya mbao na magodoro, kilikuwa fremu iliyotandwa kamba. Mama wa Kharumwa anapotandika shuka kitandani leo, ameutumia mzizi wa kazi ya mfumi mara mbili katika sentensi moja. Na anapopandisha simu juu ya kichuguu kutafuta mtandao, ameutumia mara ya tatu.

Mfumo na inabel

Ili kuona vyema kilichotokea kwa maneno haya, inasaidia kutazama mahali ambapo kitanda cha mfumi hakikuondoka. Katika jimbo la Ilocos, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, wanawake wangali wanafuma mablanketi ya pamba yanayojulikana kwa jina la inabel. Kitenzi cha Kiilocano cha kufuma ni abel, na kiambishi -in- hukipa maana ya kitu kilichokwisha kutendwa. Inabel, kwa hiyo, ni kilichofumwa. Nakshi zake nazo zina majina ya mahali hapo. Ipo ya binakul, yenye miraba inayopishana ukubwa hata jicho likadhani nguo inajongea, na katika mapokeo ya huko nakshi hiyo huhusishwa na kuwapotosha pepo wabaya. Ipo ya kusikus, yaani kimbunga. Mwaka 2012 taifa lile lilimtunukia Magdalena Gamayo, mfumaji wa Pinili, heshima ya juu kabisa inayotolewa kwa mafundi wa sanaa za jadi. Pale, jina la blanketi limezaliwa na kitenzi cha mfumaji, na jina la nakshi limezaliwa na upepo anaoujua.

Je, Kiswahili hakina neno la namna hiyo? Kinalo. Ukichukua fuma, ukaongeza kiambishi m- na kiishio -o, unapata mfumo. Kamusi za zamani zinalieleza neno hili kwa maana ya namna nguo ilivyofumwa, jinsi nyuzi zake zilivyoshikana. Lakini mwanafunzi wa leo akiulizwa mfumo ni nini, atataja mfumo wa elimu, mfumo wa fedha, mfumo wa kompyuta. Mwaka 1992 Tanzania iliporudisha vyama vingi vya siasa, mabadiliko hayo yalizungumzwa kila kijiji kama mfumo wa vyama vingi, na hakuna aliyeonekana kufikiria uzi.

Neno limepanda cheo, mtu anaweza kusema. Limetoka mikononi mwa fundi likaingia bungeni. Hiyo ni njia ya kawaida ya maneno na hakuna haja ya kuililia; Kilatini nacho kilifanya hivyo, maana neno la Kiingereza la maandishi, text, linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kufuma. Linalofaa kuangaliwa ni kwamba katika Kiilocano jina la kilichofumwa lilibaki juu ya blanketi kwa sababu blanketi lilibaki, na katika Kiswahili jina hilo lilikuwa huru kuhama kwa sababu halikuwa na nguo ya kulishikilia. Nafasi yake juu ya nguo ilichukuliwa na majina ya dukani.

Iwanza

Ni lini basi kitanda cha mfumi kilikuwapo, na hasa kilikuwapo bara? Kwa pwani ushahidi ni mwingi. Wanaakiolojia waliochimba Kilwa, akiwamo Neville Chittick, walipata vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, uzito wa vijiti vya kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alizitaja nguo zilizofumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika habari ya watu wa Sofala, kusini zaidi, ambao walijua kufuma lakini hawakuwa na rangi ya buluu. Walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay nchini India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe.

Habari hiyo inastahili kutazamwa kwa makini na mwanaisimu. Kiswahili kina jozi fuma na fumua, kama kilivyo na funga na fungua, ziba na zibua. Kwa mzungumzaji wa leo kufumua ni kuharibu au kubomoa: nywele hufumuliwa, mshono hufumuliwa. Kwa fundi wa Sofala kufumua kulikuwa hatua ya kwanza ya kutengeneza. Aliinunua nguo ya mgeni kwa ajili ya uzi wake tu.

Kwa bara, shahidi anayejulikana zaidi ni Richard Burton, aliyepita Unyamwezi kati ya mwaka 1857 na 1859. Katika kitabu chake cha 1860, The Lake Regions of Central Africa, umo mchoro wa iwanza, nyumba ya wanaume kijijini, na pembeni vimechorwa vitanda vya mfumi. Mahali hapo panaeleza jambo: iwanza ilikuwa mahali pa wanaume kukaa, kuongea na kulala, na kufuma katika sehemu kubwa ya ukanda huu kulikuwa kazi ya wanaume. Ufipa, kusini-magharibi, kazi hiyo ilisifika zaidi. Mwaka 1858, wakati Burton akiwa Tabora, mwenzake John Hanning Speke alisafiri kwenda kaskazini hadi ukingo wa kusini wa Ziwa, akipita katika nchi ambayo leo imegawanywa kati ya Shinyanga na mikoa jirani zake. Njia za misafara zilipita karibu na Kharumwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Lugha inaongeza nini juu ya ushahidi huo? Mambo mawili, na yote yanahitaji tahadhari. La kwanza ni jina buluba. Pamba, neno la Kiswahili, ni la Kiajemi, na limefika na biashara ya Bahari ya Hindi. Kisukuma hakikulichukua; kina jina lake. Mtu asikimbilie kusema kwamba basi Wasukuma walikuwa na pamba kabla ya pwani, kwa maana jamii inaweza kukipa kitu kipya jina la zamani, kama fuma ilivyopewa uzi. Lakini jina hilo linaonyesha walau kwamba pamba haikufika hapo ikiwa mikononi mwa mfanyabiashara wa pwani pamoja na jina lake, jinsi merikani ilivyofika.

La pili ni jina la nguo. Kiswahili husema nguo, neno la Kibantu cha kale lililohusu vazi la ngozi. Ndilo ingubo la Kizulu, ambalo leo ni blanketi. Kisukuma husema ng'wenda, wingi myenda, na neno hilo lina ndugu zake upande wa magharibi hadi Rwanda, ambako nguo ni umwenda. Liko, kwa hiyo, eneo zima la bara lenye jina lake la nguo, na eneo hilo halikulipata kutoka pwani. Kamusi za Kiswahili sanifu, zilizojengwa juu ya Kiunguja, hazikuwa na sababu ya kulitaja.

Mkono, shuka, doti, mtumba

Kilichofuata kinajulikana, na hakihitaji kurefushwa. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliishusha Unguja nguo nyeupe nzito ya pamba ambayo watu waliita merikani. Pamba yake ilikuwa imechumwa na watumwa kusini mwa Marekani na kufumwa kwa mashine katika viwanda vya kaskazini. Ilikuwa pana, imara na ya bei nafuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo, na nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi. Jina likabaki merikani. Ni mfano mzuri wa kumpa mwanafunzi anayeamini kwamba jina la bidhaa hueleza asili yake.

Msamiati ulioletwa na msafara ulikuwa msamiati wa kupima. Mkono ulikuwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Shuka lilikuwa mikono minne. Doti, mikono minane. Jora, nguo nzima iliyokunjwa. Kwa vipimo hivyo wapagazi walilipwa posho, na kwa vipimo hivyo watemi walilipwa hongo, ambayo wakati ule ilikuwa ushuru wa haki wa kupita katika nchi ya mtu. Hongo limeshuka hadhi, na leo liko katika mashitaka ya jinai. Shuka limefanya safari nyingine: kutoka kipimo likawa vazi, kutoka vazi likawa tandiko la kitanda. Doti bado ni kipimo, kwani kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili.

Neno linalogusa zaidi ni mtumba. Katika Kiswahili cha misafara, mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa tayari kwa kichwa au bega la mpagazi mmoja. Wabebaji walikuwa kwa wingi Wanyamwezi na Wasukuma, na kijana aliyeichukua mitumba ya merikani kutoka pwani alikuwa pengine mtoto wa mtu aliyefuma katika iwanza. Kazi ya mguu ililipa kuliko kazi ya kitanda. Haikuwa lazima mtu yeyote awakataze wafumi kufuma.

Utawala wa kikoloni ulikamilisha jambo hilo kwa kuitaka pamba lakini si nguo. Kusini, ulazima wa kulima pamba ulikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Majimaji, na mwaka 1905 Wamatumbi waliianza vita kwa kuing'oa mipamba. Usukumani zao lilikuja kustawi baadaye, wakati wa Waingereza, kwa mbegu zilizoboreshwa katika kituo cha Ukiriguru, na mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao vya ushirika katika shirikisho la Victoria. Ulikuwa ushirika wenye nguvu kubwa, wenye viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Lakini kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilitokana na pamba ghafi. Ni mara moja tu ambapo serikali ya kikoloni ilikumbuka kitanda cha mfumi: kati ya mwaka 1914 na 1916, manowari za Uingereza zilipoizingira pwani, Wajerumani walihimiza nguo ifumwe nchini na kutiwa rangi ya magome ya miti. Dhiki ilipokwisha, vitanda vikasahauliwa tena.

Nakshi: mtande wa rangi na mji wa kanga

Kitanda chepesi hakifumi maua. Nakshi yake ya asili ni mlia. Fundi akitanda nyuzi za rangi mbili kwa hesabu fulani, mlia hujitokeza kwa urefu. Akibadilisha na mshindio, hupata mraba. Ndiyo maana ya kusema kwamba nakshi ya mfumi ni hesabu inayofanywa kabla ya kazi kuanza. Kikoi cha pwani kingali kinabeba sheria hiyo: kati kumetulia, na milia imejaa kandokando. Pwani walikuwa pia na kitenzi kutarizi, kilichotoka Kiarabu, kwa kazi ya kuongeza taraza ya rangi kwenye ukingo wa nguo iliyokwisha kufumwa, mara nyingi nguo ya ng'ambo. Hapa mpaka wa lugha unaonekana waziwazi: nguo inafumwa kwa Kibantu na inapambwa kwa Kiarabu.

Kanga, iliyozuka katika nusu ya pili ya karne ya 19, haifumwi nakshi bali hupigwa chapa. Kwa hiyo msamiati wake hauna mtande wala mshindio. Una pindo, mji na jina. Ni maneno mazuri sana. Pindo limekuja na mshonaji, mji ni wa mpangaji wa mitaa, na jina ni la mwandishi. Uso wa nguo umekuwa karatasi. Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa kanga hubeba mafumbo, basi fumbo na fuma ni neno moja, na kwamba mtunga fumbo ni mfumaji wa maana. Wazo hilo linapendeza. Lakini si sahihi. Fumbo linatokana na fumba, kufunga kilicho wazi, kama macho na kiganja. Utamu wa wazo si ushahidi wake.

Usukumani shuka la dukani lilipewa nakshi ya namna nyingine, nakshi ya uvaaji. Kulivaa lubega ni kulipitisha chini ya kwapa moja na kulifunga fundo juu ya bega la pili. Neno lenyewe ni bega lililovaa kiambishi lu-, ambacho lugha za bara kama Kisukuma na Kinyamwezi zimekihifadhi mahali ambapo Kiswahili kimebakiwa na u- peke yake. Lubega limeingia katika Kiswahili likiwa na kiambishi chake cha ugenini, na mtu wa Dar es Salaam hulitamka bila kujua kwamba kwa silabi moja amezungumza lugha ya bara. Nguo ilitoka Massachusetts au Bombay, jina la kipimo lilikuwa la msafara, lakini namna ya kuivaa ilibaki na jina la wenyeji.

Robota na belo

Baada ya uhuru nchi ilijaribu kuliziba pengo kati ya pamba na nguo. Urafiki ya Dar es Salaam, Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma zilifuma na kupiga chapa kanga na vitenge, na kwa miaka kadhaa pamba ya Kanda ya Ziwa ilirudi kwa mkulima ikiwa nguo. Viwanda hivyo vilileta msamiati wake, wa mashine na wa zamu, uliozungumzwa ndani ya uta wa kiwanda na haukutoka nje. Vilipodhoofika, nao ulidhoofika. Leo sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje.

Siku ya gulio basi, katika mji kama Kharumwa, msikilizaji mwenye subira anaweza kusikia maneno mawili kwa mzigo ambao kwa macho unafanana. Pamba inayotoka imefungwa robota. Nguo kuukuu zinazoingia zimefungwa belo. Na zikishafunguliwa na kutandazwa chini juu ya turubai, huitwa mitumba. Neno la mpagazi limerudi kwenye kazi yake ileile, mzigo wa nguo kutoka ng'ambo ukielekea bara. Wala kitenzi tandaza hakikuitwa na mtu. Kimekuja chenyewe, kwa sababu nguo inatandazwa.

Kwa mwanafunzi anayekusudia kwenda Nyang'hwale kukusanya maneno, orodha ya maswali inaweza kuwa fupi. Aulize kijiti cha kusokotea uzi kiliitwaje, na kile kigae kilichokitia uzito. Aulize vigingi vinne, miti miwili, ubao wa kusukumia uzi. Aulize tofauti, kama ilikuwapo, kati ya kusuka kikapu na kufuma ng'wenda. Awaulize wanaume wazee, kwa kuwa kazi ilikuwa ya baba zao na babu zao, lakini asiwapite wanawake, ambao ndio waliobaki na kamba na vikapu, na kwa hiyo huenda ndio waliobaki na vitenzi. Ajiandae kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya zamani na hayapo. Na maswali yaanze kwa Kisukuma. Yakianza kwa Kiswahili, wazee wa Kharumwa, kwa adabu yao kwa mgeni, watamjibu kwa maneno ya dukani.